Mgeni Aliyenishikia Mtoto

S.L.P. Mukurweini,
Nyeri.
Jumapili, 14 Machi 1971.

Mpendwa kaka yangu Mathenge,

Pokea salamu kutoka kwetu, nyingi kama majani ya chai ya Kangari ambayo hakuna mtu amewahi kuyamaliza kuchuma. U mzima? Unakula vizuri? Kile kifua chako cha baridi kimekuacha, au huko nako kimekufuata? Sisi huku hatujambo, Mungu anatuamsha kila siku. Mama ameniambia nikuulize kwanza hayo kabla sijaandika lingine lolote, na sasa amekaa hapa karibu yangu kuona kama nimeyaandika kweli.

Nisalimie pia ndugu yetu Mwakyusa mnayelala naye chumba kimoja. Uliniambia niwe naandika kwa Kiswahili ili msome pamoja, kwa kuwa barua zake za kutoka Mbeya hukawia. Basi Kiswahili changu ni hiki cha darasa la tano kilichoongezewa kile cha sokoni. Mkicheka, mcheke kwa adabu.

Mama ana afya isipokuwa goti. Anakwenda kanisani na fimbo, lakini akifika mlangoni ananipa mimi niishike, ati watu wasifikiri amezeeka. Ng'ombe uliyetuambia tumpe chumvi ya kulamba ametulia na maziwa yamezidi. Gatimu anasema shemeji yake akirudi na hayo masomo ya mifugo, Mukurweini yote itakunywa chai nyeupe. Mvua bado. Kila asubuhi mlima unaonekana wote mpaka theluji, na hakuna anayefurahi, maana ukijionyesha hivyo mawingu yako mbali.

Mpwa wako Wamucii ameota meno mawili ya chini. Anauma kila kitu. Siku ya ubatizo alimuuma mchungaji kidole, na mchungaji akasema huyu atakuwa mama wa kamati.

Sasa nikuambie kilichonikalisha chini na kalamu siku ya leo, na nikuombe usome mpaka mwisho kabla ya kunikasirikia.

Mwezi uliopita akina mama wa kanisa tulipata habari kwamba tutaletewa mgeni. Kulikuwa na mkutano mkubwa wa wanawake wa makanisa Nairobi, wa nchi nyingi, na baada ya mkutano wageni wakagawiwa vijiji wakae kidogo na watu. Sisi tukaambiwa wetu anatoka Australia. Kusikia hivyo mimi nikasimama katikati ya watu nikasema, "Huko ndiko kaka yangu aliko!" Nikatiwa kwenye kamati papo hapo, kama vile mimi ndiye niliyekuwa nimekwenda.

Mwenye kamati ni Wakonyo, yule mke wa mwenye duka la mbao. Unamjua. Akasema mzungu hawezi kulala kwenye moshi, kwa hivyo atalala kwake kwenye sementi. Akapaka nyumba chokaa. Chokaa ikabaki, akapaka na mti ulio nje. Tukaazima vikombe vya maua, tukafundishwa kushika uma, na kwaya tukajifunza wimbo wa Kiingereza ambao mpaka leo sijui ulikuwa unasema nini, lakini sauti ya pili niliijua vizuri.

Siku yenyewe ikaja Landirova ya misheni na vumbi lake. Kwenye usukani kulikuwa na mwanamke mzungu mwenye kofia. Mathenge, zilipigwa ngemi hapo, vile vigelegele vyetu! Wakonyo akamvisha kiondo, kikapu cha zawadi, kichwani kabla hajafunga mlango wa gari. Yule mzungu anapunga mikono, anasema kwa Kikuyu kizuri kabisa, "Si mimi, akina mama, si mimi!" Wakonyo akatugeukia: "Mmeona unyenyekevu huo? Na Kikuyu ameshajifunza ndani ya ndege!"

Kwa mlango ule mwingine akashuka mama mweusi wa makamo, mnene kidogo, nywele za mvi zimelala, gauni la maua na viatu vya kufunga kamba. Mimi nikajua huyo ni mpishi wa mzungu, labda wamemtoa pwani. Wimbo ulikuwa unaanza, na Wamucii alikuwa analia mgongoni mwangu kama anachinjwa. Nikamfungua, nikampa yule mama. "Nishikie mtoto kidogo, mama, nikaimbe." Kwa Kikuyu! Hakuelewa hata neno moja. Lakini mikono yake ilifika kabla ya yangu kuachilia, na Wamucii akanyamaza.

Tukaimba. Mchungaji akasema maneno. Wakonyo naye akasema yake, marefu. Akipita kwenda kuketi akamwambia yule mama, "Wewe dada, ukimaliza na huyo mtoto kuna vikombe vya kuoshwa pale." Ndipo mzungu wetu akasimama juu ya kiti kabisa, kiondo bado kichwani, akasema, "Mimi ni Miss Dunbar, nesi wa misheni. Mimi nimeendesha gari tu. Mgeni wenu kutoka Australia ndiye yule mliyempa mtoto alee."

Wakonyo aliyekuwa ameshaketi akasimama tena.

Nilikwenda mbio kumchukua Wamucii, na uso wangu sijui niuweke wapi. Yule mama akageuza bega kidogo, hivi, kama mtu anayekinga kitu na upepo. Machozi yalikuwa yanashuka yanaingia kwenye shuka ya mtoto. Wakonyo akaona tumeharibu. Akamshika Miss Dunbar mkono: "Mwambie hatukujua! Mwambie tulidhani Australia ni ya wazungu!" Miss akamwambia. Mama akajibu, na Miss akatugeuzia maneno.

"Anasema hata wao wazungu wanadhani hivyo."

Basi watu walicheka, na wa kwanza kucheka ni yeye mwenyewe, huku machozi bado yako. Anaitwa Mama Elsie. Ni wa wale watu uliotuandikia habari zao, wenye nchi, waliokuwako huko kabla ya meli yoyote. Kisha akasema jingine, na hilo sikusahau: kwamba tangu azaliwe, kila mahali anapofika huulizwa kwanza karatasi yake. "Hapa hawajaniuliza hata jina, na wamenipa mtoto."

Alikataa kulala kwenye sementi. Alisema atalala mahali mtoto anapolala. Wakonyo akalala peke yake na chokaa yake.

Kwa hivyo alikaa kwetu. Nyumba yetu unaijua ilivyo, vyumba viwili na jiko la nje, sakafu ya udongo, na ndani yake mimi na Gatimu, mama mkwe, Wamucii, na wale watoto wa marehemu shemeji. Nilikuwa na aibu. Lakini asubuhi nikamkuta ameshafagia uwanja, amekaa kwenye kigogo anamlisha Wamucii uji kwa kidole. Miss Dunbar alipokuja kumwona, Mama Elsie akamwambia atuulize neno moja: "Serikali haijawahi kuja kuiangalia nyumba hii?" Sisi tukafikiri ni habari ya kodi. Gatimu akaenda kutafuta risiti.

Kumbe sivyo. Ngoja nikueleze alivyotueleza.

Mama Elsie anakaa nje ya mji mdogo, kando ya mto, kwenye nyumba za bati ambazo watu wake walizijenga huko kwa kuwa mjini hawakukubaliwa kupanga. Binti yake alifariki akamwachia mtoto wa kike, Lorna, ambaye sasa anakaribia miaka tisa. Siku moja Mama Elsie alikuwa mjini akifua nguo za watu. Likaja gari la serikali. Wakaandika kwamba nyumba ina watu wengi mno na sakafu ni ya udongo, na kwa hivyo hapo hakuna anayeweza kulea mtoto. Wakamchukua Lorna, wakampeleka kwenye nyumba ya watoto huko Brisbane, mji huo huo uliko wewe.

Mathenge, niliangalia sakafu yangu. Nikamwangalia Wamucii anatambaa juu yake, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, anacheka. Mama mkwe aliposikia alipiga makofi mara moja, vile hufanya akikasirika, akasema, "Kwani ni nani aliyezaliwa kwenye sementi?"

Mama Elsie amekwenda Brisbane kwa gari la moshi zaidi ya mara moja. Akifika kwenye lango anaulizwa barua ya ruhusa ya msimamizi wa serikali wa huko kwao. Akirudi na barua, anaambiwa siku yenyewe ya kuona watoto imepita. Anaandika barua, hazijibiwi. Na msichana mmoja mkubwa aliyetoka kwenye nyumba hiyo alimwambia kwamba Lorna ameambiwa bibi yake hayupo tena duniani. Hilo ndilo linalomla. Alisema angeweza kuvumilia mtoto akae mbali, lakini si mtoto alale kila siku akijua hana mtu.

Sasa nikwambie ni mtu wa namna gani, kwa sababu uliandika jambo fulani na nitalirudia.

Mama mkwe wangu husokota uzi wa kiondo jioni kabla ya kupika, kwa nyuzi za mti wa mugio, vile walisokota mama zake. Amekaa chini, miguu ameinyosha, nguo ameipandisha, anaviringisha nyuzi kwenye paja lake. Mama Elsie akamtazama. Kisha akaketi sawasawa na yeye, akafungua viatu vyake vya kamba, akapandisha gauni, akachukua nyuzi mbili na kuziviringisha kwenye paja, kwenda na kurudi, uzi ukatoka laini kuliko wa mama mkwe. Watoto wakapiga kelele. Mama mkwe akauinua uzi juu akautazama, akaniambia, "Mwambie paja lake ni zuri, halina nywele za kukwama." Miss Dunbar akawa mwekundu, lakini akamwambia. Mama Elsie akajibu kwamba nywele zilikuwepo, zimeisha kwa kazi. Wazee wawili wakacheka mpaka wakashikana.

Walikuwa hawana neno hata moja la pamoja, na walikaa hivyo jioni zote, huyu anasema Kikuyu na huyu anasema chake, wala hakuna aliyemuuliza mwenziwe maana. Mama Elsie alitueleza kwamba alifundishwa kusokota na bibi yake. Walipokuwa watoto waliadhibiwa wakisema lugha ya kwao, basi bibi yake akawa hasemi, anasokota tu, na watoto wanaangalia mikono yake. Lorna naye alikuwa akikaa hivyo hivyo, amemwegemea, anamshikia ncha ya uzi.

Jumapili aliombwa kusema kanisani. Akasema kwao kando ya mto hakukuwa na bomba la maji, na halmashauri ya mji kila siku inawaambia wangoje. Basi akina mama wakavaa nguo za kanisani, kofia na soksi na kila kitu, wakabeba ndoo, wakaenda kuchota maji kwenye bomba la ofisi ya halmashauri yenyewe. Wakapanga mstari wakasalimia kila mtu kwa heshima. Kesho yake tena. Na kesho kutwa tena. Wakubwa wanaingia ofisini, wanapishana na ndoo. "Good morning, Mister Fulani," na ndoo. Bomba likaletwa mtoni. Kanisa lote likacheka, na Wakonyo akapiga ngemi peke yake katikati ya ibada.

Kisha akasema hakuja kuomba kitu. Alikuja kuona watu weusi waliorudishiwa nchi yao, apate kwenda kuwaambia wa kwao kwamba jambo hilo huwa linatokea. Watu wakakaa wima wote, mwenyewe nikasikia shingo yangu inarefuka. Halafu akauliza, kwa upole tu, wale aliowaona kwenye vibanda kando ya barabara ya kuja ni akina nani. Wakonyo ndiye aliyesema, pole pole, kwamba hao ni ahoi, walikuwa wakilima kwa watu, na mashamba yalipopimwa na kuandikwa hawakuandikwa. Mama Elsie akaitikia kwa kichwa. Lakini wiki hii kamati imekwenda kule vibandani, na Wakonyo ndiye aliyetangulia. Sijui tutafika wapi. Tumeanza.

Sasa hilo jambo uliloandika. Katika barua yako ya Krismasi ulisimulia mlivyopelekwa kwenye maonyesho ya ng'ombe katika mji mdogo, ukaingia hoteli kwa mlango wa mbele, mwenye hoteli akakuletea kiti na kukuuliza habari za Kenya. Na ulipogeuka ukaona mtu mweusi wa huko ananunua chakula chake kwenye kidirisha cha nyuma. Ukaandika kwamba hao ni watu waliochoka, walioacha kupigana, na kwamba wewe hutaki maneno ya hapo, umekwenda kusomea ng'ombe.

Kaka, mimi sikusoma kama wewe. Lakini nimekaa na mmoja wao kwenye sakafu yangu, na sikuona uchovu wa namna hiyo. Niliona mtu anayelala kidogo na kuamka kabla ya wengine. Labda yule wa dirishani naye ana ndoo yake mahali ambapo hukuiona. Usikasirike. Nakwambia kwa kuwa ukiandikiwa na mimi hutaona aibu mbele ya mtu.

Siku ya kuondoka kwake nikamwambia kupitia Miss Dunbar, "Niko na kaka Brisbane." Akanitazama. Nikamwambia, kaka yangu anakwenda kwa mlango wa mbele, wanampa kiti. Yeye ataingia kwenye hiyo nyumba. Alinielewa, lakini akatikisa kichwa, akamwambia Miss Dunbar anieleze nisimsumbue kijana, ni mgeni wa serikali, atakosana na wanaomlipia masomo. Aliyesema hivyo ni yeye mwenye mtoto, Mathenge. Mimi nikasema utakwenda. Nimekuahidi bila kukuuliza, na hilo ndilo nililojua utanikasirikia.

Najua si jambo dogo. Kama kuna hatari ya kweli ya kurudishwa, mwambie mkubwa wako wa chuo kwanza, au mchungaji wa huko, uende naye. Usiende kugombana. Vaa ile koti ya kijivu Mama aliyokununulia, useme umetoka Kenya na una salamu za kumpa mtoto Lorna kutoka kwa watu wa kanisa la Mukurweini. Hilo ni kweli tupu, kanisa lote linakutuma. Siku ya kuona watoto ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi.

Na ukianza kujiambia ati haikuhusu, mkumbuke Kioko.

Unamkumbuka? Yule dereva Mkamba wa lori la unga, wakati wa Emajensi ya mkoloni, Mama alipokuwa amefungwa kambini na sisi tuko na nyanya, bibi yetu, kwenye kijiji cha mtaro kilichozungushiwa handaki na askari. Sisi hatukuweza kupita lango lolote. Yeye alipita yote, kwa kuwa hakuwa mtu wa hapa, askari walimpa hata sigara. Tulikuwa tumeambiwa Mama amekufa. Nakumbuka nilivyokuwa sili. Siku moja Kioko akasimamisha lori, akajifanya anaangalia gurudumu, akasema bila kututazama, "Nyinyi ni watoto wa Murugi? Anauliza kama ile mbuzi ya sikio moja imezaa." Basi. Hakusema jingine. Lakini nani mwingine duniani alijua habari ya mbuzi yetu wa sikio moja? Nilikula siku hiyo mpaka nyanya akaniambia inatosha.

Na wewe, mtoto mdogo vile, mbuzi ameshachukuliwa na homugadi, wale walinzi wa mkoloni, kitambo na kuliwa, ukamwambia Kioko, "Mwambie amezaa mapacha."

Nilipokuwa naandika hapa nimemsomea Mama. Akaniambia jambo ambalo hajawahi kusema miaka yote hii. Ati alijua. Kambini walikuwa wameshasikia kwamba mifugo yote ya upande wetu imechukuliwa. Hakuwa anauliza habari ya mbuzi. Alitaka mtu amrudishie neno lililotoka kinywani mwenu, lolote. Alipoambiwa mapacha alijua ni wewe, kwa kuwa hakuna mwingine katika nyumba hii anayedanganya vizuri hivyo. Anasema alikaa na hao mapacha mpaka siku walipomfungulia.

Basi nilimwomba Mama Elsie anipe neno la namna hiyo, la kumpelekea Lorna, ambalo mtu mwingine hawezi kulitunga. Alifikiri kidogo, akacheka, akanipa hili. Kuna kasuku mweupe, mguu mmoja mbovu, anayekuja kwenye bati la nyumba yao kila asubuhi kuomba mkate. Lorna alimzoeza mpaka akajifunza kuiga sauti ya bibi yake akiita, "Lorna, chai!" Mtoto amekwenda, kasuku hajui. Bado anakuja. Kila asubuhi anasimama juu ya bati na kuita, "Lorna, chai!" kwa sauti ya Mama Elsie. Majirani wanamwambia amfukuze. Yeye anampa mkate.

Ndani ya bahasha utakuta kipande cha uzi. Nusu ameisokota Mama Elsie na nusu mama mkwe wangu, na mimi siwezi kukuonyesha wapi pameungana. Mpe Lorna mkononi, usiwape wakubwa. Mwambie bibi yake yu hai na anamtafuta. Kisha mwambie habari ya kasuku, polepole, kwa Kiingereza chako kizuri.

Lakini usiondoke hapo baada ya kumwambia. Mama anasisitiza hilo, ananigonga na fimbo niandike: salamu peke yake haitoshi, leta jibu. Muulize Lorna amjibu nini kasuku. Hata akisema jambo la kitoto, hata la uongo, liandike vile vile alivyolisema, umpelekee Mama Elsie. Anwani yake iko nyuma ya karatasi hii.

Gatimu anakusalimu na anauliza kama huko ng'ombe wanalala ndani au nje. Mama mkwe anakusalimu. Wakonyo anakusalimu, na amesema akija mgeni mwingine kutoka nchi yoyote, kwanza atampa mtoto amshike, mengine baadaye. Shangazi wa Kangari ametuma chai, nitaitafutia mtu wa kuja huko. Wamucii hana la kusema ila ameuma pembe ya karatasi hii, hiyo ndiyo alama yake uionayo. Mwakyusa mwambie barua yake itakuja, na kama haiji, hii ni yake pia.

Mungu akutangulie kwenye huo mlango, kaka, na akuache uingie ukiwa na moyo wa yule mtoto aliyesema mapacha.

Ni mimi dada yako anayekuombea kila nikiwasha moto,

Wachuka wa Gatimu.